Gari Lililoingia Bila Kukata Mgomba

Kanoni,
Karagwe, Kagera.
7 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Egbert,

Tumsifu Yesu Kristu. Pokea salamu za hapa nyumbani, na usishangae karatasi ikinuka moshi, maana naandika huku naangalia chungu. Hujambo wewe? Kemirembe hajambo? Na watoto, bado mnawalisha mikate asubuhi, mchana na jioni, au wameshaonjeshwa ndizi za maana? Waambie shangazi yao anawaulizia.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ni lile goti la kushoto tu linalomsumbua baridi ikiingia. Shemeji yako Projest ni mzima kupita kiasi, na mbele utaona kwa nini nasema hivyo. Kahawa tumemaliza kuvuna, iko kwenye mikeka uani, na mvua imeanza kututania: ukianika inanyesha, ukianua jua linatoka.

Najua utacheka, barua ya karatasi zama hizi. Lakini simu ya nyumba hii ni ya kijiji kizima. Ukipiga tu, Projest anaweka sauti kubwa na majirani wanajaa kukusalimia, na mimi nina jambo lisilosemwa mbele za watu. Mwalimu Vero anakuja huko Ujerumani kwa mafunzo, nimemkabidhi bahasha hii pamoja na kifurushi cha akamwani. Zitafune polepole buni hizo, usizimalize kwa siku moja halafu ukaanza kulilia nyumbani.

Kwanza kabisa, asante. Nakushukuru kabla ya kusema lingine lolote, maana ninajijua, nikianza kusimulia naweza kusahau. Uliniambia unataka kununua gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani, ulilete huku ili mkija likizo mtembee nalo na mkiondoka libaki kwa ajili yetu siku za mwisho wa wiki. Ukasema nikajaribu kwanza aina zake kwa kukodi, nikuambie ipi inafaa kwa barabara zetu na kwa Mama. Nimejaribu, na jibu ninalo. Lakini jibu lenyewe limepitia Nkwenda, kwa hiyo vumilia, dada yako hajawahi kusimulia kwa kifupi.

Unakumbuka kilichokuwa kati ya Mama na Mama Mkubwa Sperancia. Baba Mkubwa Protase alipofariki, Mama hakwenda kwenye mazishi. Alitutuma sisi, akatuma mikungu ya ndizi na pombe ya lubisi, yeye mwenyewe akabaki hapa Kanoni amejifungia chumbani. Na wewe unawajua watu wa kwetu. Mtu anaweza kukunyima maji ya kunywa ukamsamehe, lakini asipokuja kukaa nawe kwenye nyasi za matanga, bega kwa bega na wanawake wenzake, huyo amekufukia na maiti wako. Mama Mkubwa alisema mbele ya watu wote kwamba hana tena mdogo.

Sababu tuliijua mimi na wewe tu. Mimi kwa kuwa ndiye ninayemfulia, wewe kwa kuwa uliniuliza mwaka juzi ulipomwona anatoka kanisani kabla ya misa kuisha. Haja ndogo haimngoji mama yetu. Dawa za hospitali zimempunguzia tu, hazijamponya. Angekaaje kwenye gari la abiria hadi Nkwenda? Angekaaje sakafuni kwenye nyasi, katikati ya umati, usiku na mchana? Alinikataza kumwambia mtu yeyote, hata Projest, hata padri. Alisema afadhali aitwe mwenye kiburi.

Tangu hapo Mama Mkubwa amevimba miguu, hawezi kutoka kwake. Mama naye hawezi kusafiri. Dada wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, mmoja hapa Karagwe, mwingine Nkwenda huko Kyerwa, kila mmoja anazeeka na donge lake rohoni. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, Egbert, kwamba siku moja tutapigiwa simu, na mmoja wao atazikwa bila mwenzake kuwepo. Ndiyo maana uliponiandikia kwamba sharti la kwanza la gari ni choo ndani, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilijua unamtafutia nani gari.

Basi, tukaenda kwa Deodatus pale Omurushaka, yule anayekodisha magari kwa watalii wanaokwenda kwenye hifadhi ya Ibanda. Ni mtu mpole, maneno yake machache, na magari yake anayapenda kama ng'ombe. Anayo ya aina tatu.

La kwanza ni lori lililojengewa nyumba mgongoni. Egbert, ndani mna kila kitu: kitanda cha baba na mama, friji, bomba la mvua, choo cha kuvuta maji, na televisheni. Projest alipoiona televisheni nilimpoteza. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mguu juu ya mguu, akaanza kumwita Deodatus "dereva". Alishaamua mpaka nani atalala wapi. Nikamwambia gari ni la shemeji yako na abiria ni mama mkwe wako, wewe umekuja kubeba mizigo.

Tukalileta hadi hapa nyumbani, na mwisho wake ukawa kwenye njia yetu. Unaijua njia ya kibanja chetu, ilivyopita kati ya migomba aliyoipanda marehemu Baba kwa mkono wake. Lori lilisimama barabarani. Deodatus akapima kwa macho, akatikisa kichwa, akasema ili lipite itabidi migomba ya pande zote mbili ianguke. Projest, usimchukie, alikuwa ameshashika panga. Mama akatoka ndani, akasimama katikati ya njia na fimbo yake.

"Gari linaloingia kwa kukata migomba," akasema, "likishaingia litakata nini?"

Projest akarudisha panga. Na hata kama njia ingepanuka, ngazi yake ni ndefu, ile ya kupandia kama unakwenda darini, goti la Mama lisingeiweza. Lori likarudi Omurushaka na televisheni yake.

La pili ni pikapu yenye hema juu ya paa. Hilo linapita popote, hata kwenye shamba la mihogo. Lakini kitanda kiko juu na unakifikia kwa kangazi kembamba. Nikasema nijaribu mimi kwanza. Kupanda nilipanda. Kushuka, mdogo wangu, ndiko kulikonishinda. Nilikaa juu ya gari la watu pale Omurushaka, siku ya soko, miguu inaning'inia, wanunuzi wa kahawa wanatoa maoni, mpaka Deodatus akaleta meza. Na choo hakuna, ni koleo tu la kuchimbia wanakupa. Hilo linawafaa vijana waliooana juzi. Nyinyi mmechelewa.

La tatu ni van, ndefu kidogo kuliko Haisi, iliyoinuliwa paa ili mtu asimame. Haina makuu. Mlango wa kusukuma pembeni, kidato kimoja cha chini. Ndani kuna viti viwili vya benchi vinavyotazamana, jioni unavikunjua vinakuwa vitanda. Jiko la gesi la mafiga mawili, pipa la maji, na nyuma kabisa kijichumba chenye kamlango, na ndani yake choo kidogo cha kumwaga na kuosha. Dirisha liko usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

Deodatus aliileta nyumbani asubuhi, ikapita kwenye njia yetu majani ya migomba yakiipapasa tu pande zote. Mama akaingia mwenyewe, hakutaka kushikwa. Akakaa kwenye benchi, akalibonyeza godoro. Kisha akakiona kile kijichumba. Akafungua kamlango, akatazama, akakafunga taratibu. Akatoka nje. Aliniambia nikampigie pasi kitenge chake cha Pasaka.

Siku iliyofuata tulimtumia Mama Mkubwa salamu kupitia kwa mkwe wake, kwamba tunakuja. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: mlango haujafungwa. Wala hakusema karibu.

Sasa sikiliza safari yenyewe, maana hii nataka uione. Mama alikaa dirishani kutoka hapa mpaka Nkwenda. Kila alipohitaji alinyanyuka, Deodatus akapunguza mwendo bila kuulizwa, kamlango kakafungwa, kakafunguliwa, basi. Hakuna aliyegeuka na hakuna aliyesubiriwa kando ya barabara. Alikuwa anataja majina ya vilima kama anayeita watoto. Akaonyesha mahali walipokuwa wakichota maji, na mahali mjomba wake alipoanguka na baiskeli na gunia la kahawa. Nilimwona mama yetu akiwa msichana, Egbert. Kama ungekuwepo ungelia, kwa hiyo nimelia kwa niaba yako.

Kosa tulilofanya lilikuwa langu na la jiko lile la gesi. Nilifikiri kwamba kwa kuwa tuna nyumba yetu, tusiwasumbue watu. Basi tuliposimama barabarani Nkwenda kunyoosha miguu, kabla ya kuingia kwa Mama Mkubwa, nikapika. Nikapika ndizi na maharage ya kututosha wote, na shuka zetu zilikuwa zimeshatandikwa, na maji yetu tulikuwa nayo. Projest alisifu sana. Deodatus peke yake ndiye aliyenitazama kwa namna fulani, lakini mimi nikadhani ana njaa.

Tulipoingia uani kwa Mama Mkubwa nilielewa. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni mpaka mlangoni, chungu kiko motoni kimefunikwa majani ya mgomba, na kupitia mlango wa chumba cha wageni niliona kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Yule mama, kwa hasira zake zote, alikuwa ametuandalia. Na sisi tumetua na jiko letu linanuka chakula, vitanda vyetu vinaonekana mlango ukiwa wazi. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kigoda kibarazani. Tukampa shikamoo zetu, akaitikia. Mkwe wake alikuwa ameshika kijungu cha akamwani tayari kutupa, Mama Mkubwa akamzuia kwa mkono. Akamtazama mdogo wake, kisha gari.

"Anatolia," akasema, "ulikataa kuja kukaa kwenye nyasi zangu. Leo umekuja na sakafu yako."

Sikuwahi kusikia neno zito kama hilo likisemwa kwa sauti ndogo kama ile. Projest alitazama viatu vyake. Mimi nilitamani ardhi inimeze na sufuria yangu. Nilidhani Mama atageuka apande garini turudi, na kwamba hapo ndipo tutakapokuwa tumezika undugu wao kabisa, tena kwa gari lako.

Mama hakugeuka. Alikwenda pale kibarazani, akamshika dada yake mkono, akamwinua. Mama Mkubwa alikuwa mzito, miguu inaburuta, lakini hakuuchomoa mkono wake. Wakavuka ua hatua kwa hatua, mmoja goti bovu, mwingine miguu imevimba, na Mama akanikatalia kwa jicho nilipotaka kusaidia. Kile kidato kimoja cha chini walikipanda pamoja. Nilimwona Mama akimpeleka mpaka nyuma kabisa, akafungua kamlango, akamwonyesha. Kisha akausukuma mlango mkubwa ukafungwa, sisi tukabaki nje na kuku.

Walichoambiana sijui chote. Mama ameniambia kidogo, nami nakuambia hichohicho. Mama Mkubwa alimuuliza tangu lini, akajibiwa tangu kabla ya msiba. Akamuuliza ina maana siku ile ulikuwa ndani unalia peke yako, akajibiwa ndiyo. Hapo ndipo sisi tuliokuwa nje tuliposikia kilio, na hatukujua ni cha nani kati yao, sauti zao zimefanana tangu zamani.

Baada ya muda mlango ukasukumwa. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi la gari, macho mekundu, kilemba kimekaa upande. Akamwita mkwe wake, akamwambia, "Leteni nyasi huku."

Wakaleta nyasi, mikono miwili miwili, wakazitandaza kwenye sakafu ya gari la watalii mpaka hapakuonekana sakafu. Nikamtazama Deodatus, maana gari ni lake na ni safi kama sahani. Alikuwa amevua kofia. Dada hao wawili wakashuka kwenye benchi, wakakaa chini kwenye nyasi, bega kwa bega, miguu imenyooshwa. Mama Mkubwa akachukua kijungu cha akamwani, akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Na hapo, mdogo wangu, mama yetu akakaa matanga ya Protase. Akalia kilio chote kilichokuwa kinamdai, na alipohitaji alinyanyuka akaenda hatua mbili, akarudi akakaa. Dada yake alikuwa amemshikia nafasi yake kwenye nyasi.

Chakula changu walikula kuku na Projest. Sisi wengine tulikula cha Mama Mkubwa, na nakuapia sijala ndizi tamu kama zile. Mimi nililala kwenye kitanda cha shuka nyeupe, wao wawili wakalala garini. Asubuhi niliwakuta wanagombana nani alikuwa anavuta shuka, ugomvi ambao nadhani waliuanza kabla Tanganyika haijapata uhuru. Baada ya chai Mama alikwenda kaburini, pale nyuma kwenye migomba, akiwa ameegemea bega la mkwe wa dada yake, akaweka maua, akakaa apendavyo.

Basi, jibu lako hili hapa. Nunua ya tatu. Usidanganywe na ukubwa, barabara ya lami ya huko kwenu haiji mpaka kwenye kibanja cha mtu. Kidato kiwe chini na kiwe kimoja. Dirisha liwe usawa wa macho ya mzee aliyekaa. Matairi yawe ya kuvumilia kokoto, na vipuri viwe vya gari linalojulikana na mafundi wa Kayanga, tusije tukasubiri skrubu kutoka Ulaya. Choo kiwe na mlango unaofungika, pazia halitoshi. Sakafu iwe ya kufagilika kirahisi, kwa sababu nyasi zitaingia, hilo lizoee. Televisheni acha, hata Projest akikupigia simu ya siri. Najua atapiga.

Ukisema ni dogo, watoto watalala wapi, jibu ni kwamba nyumba ya Baba ina vyumba. Na hapa nakuonya mapema kama dada yako: mkija Desemba, gari litalala uani, nyinyi mtalala ndani. Usije ukamfanyia Mama nilichomfanyia Mama Mkubwa. Safarini laleni garini mpendavyo, lakini ukifika kwa mtu, jiko lizimwe na ukubali kulishwa.

Safari za mwisho wa wiki tayari zimeshapangwa bila sisi. Mama Mkubwa anataka kupelekwa maji moto ya Mtagata akaloweke miguu. Mama anataka Bukoba, alione ziwa kutoka dirishani kwake. Wanapigiana simu kila jioni wakibishana waanze na lipi, na mimi simu yangu siioni tena. Sina la kulalamika.

Asante, Egbert. Watu wengi huwatumia wazazi blanketi na redio, na ni vizuri. Wewe ulimfikiria mama yako mpaka kwenye jambo ambalo mtoto wa kiume haambiwi, ukalitafutia mlango mdogo unaofungika. Mungu akuzidishie.

Nisalimie Kemirembe, mwambie kitenge chake nimeshakinunua. Wabusu watoto. Projest anakusalimu na kukumbusha kwamba hata televisheni ndogo inatosha. Mama Mkubwa Sperancia anakusalimu, na safari hii ameniambia niandike "mama yako wa Nkwenda". Senene wakianguka mwezi wa kumi na moja tutakukaangia na kukuhifadhia. Mungu aliyeufungua mlango wa Nkwenda awalinde huko ugenini, awarudishe mkiwa wazima, mpite kwenye migomba ya Baba bila kuvunja hata jani.

Wako akupendaye,
dada yako,
Avelina

Egbert, bado sijafunga bahasha. Mama aliniomba nimsomee barua kabla haijaondoka. Projest alikuwepo, na jirani zetu wawili waliokuja kusaidia kuchagua kahawa. Nilipofika kwenye habari za kwa nini hakwenda msibani, nikaruka. Mama anaijua sauti yangu, akajua nimeruka. Akaniambia, "Rudi nyuma, usome. Walisikia kwamba sikwenda, na wasikie kwa nini." Nikasoma yote. Nilipomaliza, jirani mmoja, mtu mzima kama yeye, alisogeza mkeka wake karibu na wa Mama, akamuuliza polepole kama kwenye hilo gari kutakuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi.